Kikapu cha Akamwani na Saa za Jioni

Kikapu cha akamwani ni kidogo. Mtu mzima anakiweka kiganjani na vidole vikakizunguka. Kina mfuniko wake, na mfuniko uliosukwa na fundi hauingii kwa kuteleza: unasita kidogo mdomoni, kisha unakaa. Ndani mna kahawa yetu ya kutafuna, robusta iliyochumwa kabla haijaiva sawasawa, ikachemshwa na majani yenye harufu nzuri, ikaanikwa mpaka ikawa nyeusi na ngumu. Mgeni akiingia nyumba ya Kihaya, kabla ya maswali ya safari na kabla ya chakula, anasogezewa kikapu. Anachukua punje chache, anatafuna taratibu, na maongezi yanaanza. Kahawa hii ilifunga hata undugu. Watu wawili waliotaka kuunganishwa kwa omukago waligawana mbegu mbili za tunda moja la kahawa, zikapakwa damu yao, kila mmoja akala ya mwenzake. Chombo cha kubebea kitu chenye heshima hiyo hakikuweza kusukwa ovyo.

Nimekulia Rubafu, kando ya ziwa, kaskazini mwa mji wa Bukoba, na vikapu hivi nimeviona vikisukwa tangu sijajua kusoma. Ninaandika kuvisifu. Lakini sifa zangu zina shabaha. Kila mahali ninasikia watu wakilalamika kwamba simu imewamaliza akili, kwamba hawawezi tena kusoma kurasa kumi mfululizo, kwamba wanalala wakiwa na uchovu ambao hawajui umetoka wapi. Wanaapa kuipunguza, na wiki haijaisha wamerudi palepale. Mimi ninaamini wanachokosa ni kitu cha kufanya kwa mikono katika saa ile ambayo simu imeichukua. Na kitu hicho, kwetu sisi, hakihitaji kutafutwa mbali.

Kazi ya kikapu inaanzia nje ya nyumba. Wasiotoka kwetu wajue kwamba nchi ya Wahaya ina sehemu mbili. Kuna kibanja, shamba linaloizunguka nyumba, migomba na mibuni imechanganyika humo na maharage chini yake. Na kuna rweya, uwanda wa nyasi ulio nje ya vibanja, ambako ng'ombe hulishwa na nyasi hukatwa. Nyasi hizo zilikuwa na kazi nyingi: kuezekea, kufunika udongo wa kibanja, kutandika sakafuni mpaka chumba kizima kikanukia, na kusukia. Mwanamke anayekwenda kukata za kusukia hafyeki. Anainama, anachagua. Anataka bua jembamba, refu, lililonyooka, lisilo na vifundo vya karibu karibu. Akirudi anazianika kivulini, maana jua kali huzifanya zivunjike, kisha anazipanga kwa unene. Kupanga kwa unene ndiyo kazi ya kwanza anayopewa mtoto aliyekaa karibu na msukaji, na hapo ndipo wengi wetu tulipojifunza kuona tofauti ambayo mgeni haioni.

Uzi wa kufungia ni chane, za mwale au za ganda kavu la mgomba lililochanwa jembamba. Hulowekwa kidogo ili zisikatike. Msukaji anachukua nyasi chache, anazizungushia chane, anazikunja zikajiuma zenyewe, na hapo kitovu cha kikapu kimeanza. Kitovu ndicho kigumu. Nyasi hazitaki kupinda kwenye duara dogo namna hiyo. Zinajikunjua, chane inateleza, vidole havina pa kushika. Kitovu kikishatulia, mwendo ni mmoja: toboa mzingo wa chini kwa msumari au sindano nene, pitisha chane, vuta, kaza, sogea. Toboa tena. Mkono wa kushoto unashika kitita cha nyasi na kukilisha. Bua moja likikaribia kwisha, jingine linachomekwa katikati kabla wembamba haujaonekana. Msukaji mzuri huchomeka bila kutazama. Kidole chake kimeshajua unene unaotakiwa, na kinamwarifu.

Hakuna kalibu. Umbo lote linatokana na mahali mzingo mpya unapolazwa. Ukiulaza kwa nje, kikapu kinatanuka. Ukiusimamisha juu ya mwenzake, ukuta unapanda. Ukiurudisha ndani, mdomo unaanza kufunga. Nakshi inahesabiwa, na hesabu yake ina ugumu wake, kwa sababu duara linakua: idadi ya mishono iliyotosha mzingo huu haitoshi mzingo ujao, na msukaji asiyeongeza kwa mpango atakuta pembe za nakshi yake zimepotoka. Halafu kuna mfuniko. Unasukwa peke yake, nao lazima ulingane na mdomo ambao tayari umeshafungwa. Bibi aliyenifundisha alikuwa akiujaribu kila baada ya mzingo mmoja, anauweka, anautoa, hasemi neno. Mzingo uliolegea haufichiki. Unajionyesha baada ya mizingo mitatu minne, kikapu kinapoanza kuinamia upande mmoja, na dawa yake ni kufumua mpaka pale kosa lilipo.

Nimeyaeleza haya kwa urefu makusudi, ili msomaji aone kazi hii inamdai mtu nini. Inadai mikono yote miwili kwa muda wote. Inadai macho, lakini kwa upole, kiasi kwamba unaweza kuyainua ukamtazama anayezungumza na usipoteze njia. Inadai hesabu ndogo inayoendelea chini chini kichwani. Haichoshi akili hata ikatafuta pa kukimbilia, na haiiachi huru hata ikazurura. Tena kuna jambo ambalo sijaona likitajwa na wanaotoa ushauri kuhusu simu: vidole vya msukaji vimelowa. Chane zinatoka majini, unyevu umeenea mkononi, na kioo cha simu hakimsikilizi mtu mwenye vidole vilivyolowa. Anayetaka kuigusa simu lazima aweke kikapu chini, afute mikono, aache chane zianze kukauka. Katika muda huo mfupi wa kufuta mikono, hamu mara nyingi huwa imeshapita.

Simu nayo ina mafundi wake, na kazi yao wameifanya kwa ustadi mkubwa. Mwaka 2006 mbunifu wa Marekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usio na mwisho, ule ambao kila ukiusukuma juu kwa kidole unaleta mengine chini. Hapo kabla ukurasa ulikuwa na tamati. Ulifika chini, ukaamua kama unaendelea. Raskin mwenyewe amesema hadharani, miaka mingi baadaye, kwamba anajutia matokeo ya ubunifu wake. Naye Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, ambaye kwa miaka mingi amepima muda ambao watu hubaki kwenye jambo moja wakiwa mbele ya skrini, alikuta mwaka 2004 kwamba wastani ulikuwa kama dakika mbili na nusu. Katika vipimo vya miaka ya karibuni umeshuka hadi sekunde 47 hivi. Sekunde 47 hazitoshi hata kukikunja kitovu cha kikapu kikatulia.

Kikapu kina ukingo. Mzingo wa mwisho unapofika mdomoni, chane inapitishwa kinyumenyume ndani ya mishono iliyotangulia, inakatwa, basi. Na kabla ya kufika huko, kuna mapumziko ya lazima ambayo kazi yenyewe inayaleta: nyasi zilizopangwa zimekwisha, mwanga umepungua, chane zinahitaji kulowekwa upya. Mtu anasimama, ananyoosha mgongo, anaangalia alipofika. Kitu alichokifanya kipo, kinashikika, kimeongezeka kuliko jana. Nikimwuliza mtu aliyemaliza saa nzima kwenye simu ameona nini, mara nyingi hakumbuki. Sijawahi kukutana na msukaji asiyejua jana alisuka mpaka wapi.

Sitaki kuisema simu kwa dhuluma. Rubafu ya leo haiwezi kuishi bila simu, na sioni sababu ya kutamani iweze. Zamani habari ya msiba ilingoja tangazo la Redio Tanzania au mtu wa kutembea kwa miguu, na kuna watoto waliofika nyumbani mzazi ameshazikwa. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, mama aliyeko kijijini hupata ada ya mjukuu au hela ya dawa siku hiyohiyo mwanawe aliyeko Mwanza au Dar es Salaam anapoituma. Mvuvi anauliza bei ya dagaa kabla hajapakia gari. Hayo yote ni ya mchana, ni ya kazi, yana mwanzo na mwisho. Ugomvi wangu ni wa saa za jioni. Jua la Bukoba linazama karibu na saa moja, chakula kinaiva, na kati ya hapo na usingizi kuna muda ambao zamani ulikuwa na wenyewe.

Wenyewe walikuwa nani? Wanawake walisuka, hilo linajulikana. Lakini ni kosa kudhani kwamba kazi ya mikono ilikuwa ya wanawake peke yao, na kosa hilo linawazuia vijana wengi wa kiume leo kugusa nyasi. Tazama mushonge, nyumba yetu ya kale ya duara ambayo paa lake lilishuka mpaka ardhini. Wanaume ndio walioijenga, fito zikifungwa kwenye pete zinazotanuka kutoka kileleni kuja chini, mzingo juu ya mzingo, kwa kamba za kusokota, kisha nyasi. Watu waliishi ndani ya kikapu kikubwa, wakipokea wageni kwa kikapu kidogo. Tazama wavuvi. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa, taa haziwavuti tena, mitumbwi inapumzika. Siku hizo za mbalamwezi ni siku za nyavu. Mwanamume anakaa mchangani, wavu umetandazwa magotini, sindano ya nyavu inaingia na kutoka, jicho lililokatika linaunganishwa kwa fundo lilelile alilofunga babu yake. Ukimtazama usoni utaona utulivu uleule wa msukaji.

Na kulikuwa na enanga. Ni ubao uliochongwa ukawa na tumbo la hori, na uzi mmoja unaokwenda na kurudi juu yake mpaka ukawa nyuzi saba au nane. Mugyabuso Mulokozi, ambaye wasomaji wengi wanamjua kwa ushairi na tamthilia zake za Kiswahili, alizichunguza tendi za enanga katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaonyesha kwamba Wahaya wana tendi kamili za mashujaa, kama zile za Rukiza na Kachwenyanja, zinazoimbwa na manju mmoja akiwa na ala yake moja. Ninamtaja manju hapa kwa sababu ya wasikilizaji wake. Watu waliokaa kitako wakaufuata utendi mpaka tamati, bila picha, bila kuruka mbele, walikuwa na sikio lililofundishwa kuvumilia. Sioni kwamba walizaliwa na bongo tofauti na zetu. Jioni zao ziliwafundisha.

Wapo watakaosema kwamba mambo hayo yamekwisha na hayarudi. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliombwa na mtaalamu wa mambo ya kale, Peter Schmidt, wajenge tanuru na kuyeyusha chuma kwa njia ya jadi, kazi ambayo walikuwa hawajaifanya kwa miongo mingi kwa sababu chuma cha kununua kiliiua. Schmidt alikuwa ameshachimba Katuruka, kusini mwa Bukoba, na kupata mabaki ya uhunzi wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wazee walijenga, wakavukuta, chuma kikapatikana, na mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery wakayaandika matokeo hayo katika jarida la Science. Kila ninaposoma habari hiyo ninawafikiria wazee wenyewe zaidi kuliko jarida. Ujuzi ulikuwa umekaa mikononi mwao muda wote huo, kimya, ukisubiri kuulizwa. Waliulizwa kwa wakati. Kama wangeulizwa miaka 20 baadaye, huenda asingebaki hata mmoja wa kujibu.

Nirudi kwenye kusuka, maana kuna faida yake moja ambayo kwangu inazidi nyingine zote. Watu wanaosuka pamoja husemezana kwa namna ya pekee. Macho yako kwenye kazi, kwa hiyo hakuna anayekodolewa. Kimya kikiingia, hakimtishi mtu. Mikono inaendelea na kimya kinakuwa sehemu ya maongezi. Binti anaweza kumwambia mama yake jambo zito akiwa anachomeka bua, na mama akajibu baada ya mizingo miwili, na hakuna aliyeona aibu. Majirani zetu wa Rwanda walilijua hili kwa njia ngumu kuliko sisi. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wajane wa waliouawa na wake wa waliofungwa kwa kuua walikaa katika vikundi vya kusuka agaseke, kikapu chao chenye mfuniko uliochongoka. Kikapu hicho kimo kwenye nembo ya taifa lao waliyoianza mwaka 2001, pamoja na mtama na kahawa. Nina hakika kwamba wanawake hao hawakuanza kwa kutazamana usoni. Walianza kwa kutazama nyasi.

Utafiti wa kazi za mikono upo, ingawa wenyewe una mipaka. Mwaka 2013 Jill Riley na wenzake wa Uingereza walichapisha majibu ya wafumaji 3,545 wa nchi mbalimbali. Waliofuma mara kwa mara walikuwa na mwelekeo wa kusema kwamba kufuma kunawatuliza na kuwapa furaha, na waliofuma katika vikundi walitaja faida ya kuwa na watu. Hayo ni maneno ya watu wanaoipenda kazi yao, na mtu mwangalifu hatayachukulia kuwa ni uthibitisho wa tiba. Mimi yananitosha kwa sababu yanalingana na niliyoyaona kwenye vibaraza vya Rubafu, kwa watu ambao hawakuwahi kujaza dodoso.

Sasa, mtu aanzeje? Asianze na kikapu cha akamwani. Atachukia kazi kabla hajaijua. Aanze na kipande bapa cha kuwekea sufuria ya moto, mizingo kumi au zaidi, bila ukuta na bila nakshi. Kitovu kitamsumbua, akifumue, akikunje tena. Amwombe mtu anayejua akae karibu naye, kwa kuwa kazi hii haielezeki vizuri kwa maneno, hata kwa haya yangu. Inahitaji kuona kidole kinavyobana na kusikia chane inavyolia inapokazwa. Kama ana bibi aliye hai, ameshapata mwalimu, na huenda amempa bibi huyo zawadi kubwa kuliko fedha za sikukuu. Aliye Dar es Salaam kwenye chumba cha kupanga, mbali na rweya, akanunue ukindu sokoni ajifunze kusuka ukili, au achukue uzi na sindano ya kufumia atengeneze vitambaa vya makochi kama walivyofanya mama zetu kila nyumba. Nyenzo zinatofautiana, mikono miwili ni ileile.

Simu asiifute wala asiizime. Aiweke chumba kingine na mlio wake ukiwa juu, ili mwenye shida ya kweli apige na asikike. Chumba kingine, nasema, si mfukoni na si mezani. Mwaka 2017 Adrian Ward na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin waliwapima watu karibu 800 wakakuta kwamba walioacha simu nje ya chumba walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya akili kuliko walioiweka mezani mbele yao, hata ikiwa kimya. Waliorudia majaribio ya namna hiyo hawakupata jibu lilelile kila mara, kwa hiyo sitalibeba kama amri. Lakini kila msukaji ninayemfahamu atakubali kwamba kitu kinachoweza kukuita wakati wowote kinakula sehemu ya moyo hata kisipokuita.

Na asikimbilie kuuza. Hili ninalisema kwa uzito, ingawa najua wapo wanawake wa Kagera wanaosomesha watoto kwa vikapu, na ninawaheshimu. Kwao kusuka ni kazi na bei ni haki yao. Ninamsemea yule anayesuka ili kuirudisha akili yake mahali pake. Akiweka bei kwenye kikapu cha kwanza, ataanza kuhesabu saa, atatafuta mkato kwenye kukaza, atataka vyote vilingane kwa sababu mnunuzi anataka vilingane. Akipiga picha kila mzingo na kuirusha mtandaoni, atakuwa ameirudisha simu kwa mlango wa nyuma, na jioni yake itapimwa tena kwa idadi ya waliopenda. Kikapu cha kwanza akitumie, kiwekwe chumvi au kahawa. Cha pili ampe mtu.

Shule zingeweza kusaidia kuliko zinavyosaidia. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, kazi za mikono zilipewa nafasi darasani, na watoto wengi wa kizazi hicho walikwenda shuleni na ukindu chini ya kwapa. Sikumbuki mtu mzima yeyote akilaumu kwamba alifundishwa kusuka. Lawama nilizozisikia zilikuwa za kupigwa kwa kukosa kuleta mkeka, na hilo ni jambo la fimbo. Leo mtoto wa miaka 12 anajua kufungua programu ambazo baba yake hazijui, na hajawahi kukamilisha kwa mkono wake kitu kimoja kinachoweza kukaa mezani mwaka mzima. Kipindi kimoja kwa wiki, bibi mmoja wa kijijini akialikwa na kulipwa posho ya haki, kingetosha kuanzia.

Ila hata mwalimu na mwanafunzi wakipatikana, bado tuna tatizo la nyasi zenyewe. Rweya inapungua. Mikaratusi na paina imepandwa juu ya uwanda uliokuwa wazi, kwa sababu mbao na nguzo zina fedha ya haraka kuliko nyasi, na sehemu nyingine zimegeuzwa mashamba na viwanja. Siwalaumu waliopanda, watu wanahitaji kujenga na kusomesha. Lakini chini ya mikaratusi nyasi za kusukia hazioti, na msukaji wa leo hutembea mbali zaidi ya mama yake kutafuta mzigo uleule. Bukoba hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Msimu mkavu wa kweli ni mfupi, Juni hadi Agosti, na nyasi zisizokatwa na kukaushwa wakati huo huoza kabla ya kusukwa. Msukaji hana nafasi ya kuzunguka vilima vitatu kutafuta.

Ombi langu ni kwa serikali za vijiji vya Rubafu na majirani zetu wa Kaagya na Kishanje, ambazo zinapogawa rweya hupanga ya kuchungia, ya miti na ya makaburi. Zitenge pia kipande cha nyasi za kusukia, kisipandwe mti, kisichomwe moto, kikatwe kwa zamu msimu wa kiangazi. Hakihitaji kuwa kikubwa. Na kabla ya kupima mipaka, kamati ipite kwanza na mabibi wawili watatu ambao bado wanasuka, wawaonyeshe nyasi ziko upande gani, kwa sababu haziko kila mahali.